Mwili umekaza kazini: tafuta chanzo kwanza, ndipo ujinyooshe

Kujinyoosha kunamsaidia mbeba zege, fundi lipu, mfunga nondo na kuli wa sokoni pale tu tatizo linapokuwa kwenye misuli iliyofupika au iliyochoka. Maumivu mengi ya saiti hayatoki hapo. Yanatoka kwenye neva iliyobanwa, kano iliyozidiwa, kiungo kigumu, au misuli ambayo mwili umeikaza wenyewe ili ilinde sehemu dhaifu. Mtu wa namna hiyo ukimvuta na kumkunja, unamwongezea siku za kulala nyumbani.

Dalili za hospitali, leo hii

Usijinyooshe wala usikandwe ukiona mojawapo ya haya:

- Ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, yaani pale panapogusa kiti cha baiskeli, au mkojo na haja kubwa vinatoka bila hiari, au mkojo umegoma kutoka.
- Mguu unaburuzika na huwezi kutembea kwa visigino.
- Mgongo unauma baada ya kuanguka kutoka kwenye jukwaa au kuangukiwa na kitu.
- Mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito. Kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo pia, na huku kwetu watu hukaa nacho miezi wakidhani ni uchovu wa kazi.
- Mkojo una rangi ya chai ya rangi baada ya siku ya jua na kazi nzito, na misuli imevimba na kuuma kupita kawaida. Hapo misuli inavunjika na figo ziko hatarini.

Kama huna hata moja, endelea.

Kipimo cha kujua umekazwa na nini

Chagua mwendo unaokusumbua, mfano kuinama kugusa vidole vya miguu. Ufanye mara moja na ukumbuke umefika wapi. Kisha nyoosha misuli inayohusika kwa sekunde 30, mara mbili, bila kulazimisha, na urudie ule mwendo.

Umefika mbali zaidi na bado uko hivyo saa moja baadaye: ni misuli, na kujinyoosha kutakufaa. Umelegea kwa dakika chache kisha pamekaza kuliko mwanzo: mwili unajilinda, na unachohitaji ni nguvu. Umesikia umeme, moto au ganzi ikishuka mkononi au mguuni: ni neva, acha kuvuta. Hakuna kilichobadilika, na mwisho wa mwendo ni mgumu kama umegonga ukuta: ni kiungo chenyewe, kinataka kuzungushwa taratibu mara nyingi, siyo kuvutwa kwa muda mrefu.

Watu wengi waliojinyoosha kila siku kwa mwaka mzima bila nafuu wako kundi la pili. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayoonewa zaidi. Inavutwa kila asubuhi wakati kosa liko kwenye makalio na tumbo visivyo na nguvu.

Wakati wa kujinyoosha nao ni chanzo cha matatizo

Dalili: umejinyoosha vizuri asubuhi, lakini ukianza kubeba unajisikia mlegevu na huna nguvu. Sababu ni kwamba mkao wa kuvuta msuli mmoja zaidi ya sekunde 60 unapunguza nguvu zake kwa muda. Kabla ya kazi, mwili unataka mwendo. Mivuto ya kutulia iache jioni, baada ya kuoga, misuli ikiwa na joto.

Kabla ya kubeba chochote, tumia dakika 5 hadi 7 hivi: tembea haraka dakika 2, zungusha mabega mara 10 mbele na 10 nyuma, shika nguzo na upepee mguu mbele na nyuma mara 10 kila upande, chuchumaa nusu mara 10, weka mikono kifuani na ugeuze kifua kushoto na kulia mara 10. Malizia kwa kubeba mzigo mwepesi mara mbili tatu. Safari za kwanza za ndoo ziwe nusu ndoo.

Kiuno

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndicho kinachowatoa watu kazini.

*Kinakaza ukiamka, kinalegea baada ya dakika 10 hadi 20.* Ni kawaida kwa mtu wa kazi nzito. Diski zilizo kati ya pingili hunyonya maji usiku na kuvimba kidogo, kwa hiyo asubuhi zikikunjwa hubanwa kuliko mchana. Ndiyo maana kuinama kugusa vidole mara tu unapotoka kitandani, zoezi ambalo wengi walifundishwa shuleni, ni kosa kwa mgongo unaouma. Katika saa ya kwanza usikunje kiuno kupita kiasi: funga viatu ukiwa umepiga goti, nawa uso umesimama wima, na usianze siku kwa kushusha mifuko ya simenti kwenye gari. Kama ukakamavu unazidi nusu saa kila siku kwa zaidi ya miezi mitatu, unakuamsha usiku wa manane, unapungua ukitembea na kurudi ukipumzika, na bado hujafika miaka 45, muone daktari. Kuna ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya mgongo wenye tabia hiyo, na una dawa.

*Kinagoma kunyooka baada ya kuinama muda mrefu.* Huyu ni mfunga nondo, fundi tailizi na mpaliliaji. Ukiinama dakika 20 mfululizo, kano za nyuma ya mgongo huvutika polepole na kulegea, na hazirudi mara moja unaposimama. Hatari ni ile dakika ya kwanza: fundi anainuka tu na kunyanyua tofali, na hapo ndipo kiuno kinapokatika. Fanya hivi: kila dakika 20 simama, weka viganja nyuma ya kiuno, pinda nyuma polepole mara 5. Baada ya kuinama kwa muda, tembea dakika mbili kabla ya kunyanyua kitu. Mfunga nondo wa jamvi apige goti moja juu ya kipande cha mbao na abadilishe goti mara kwa mara, badala ya kukunja mgongo saa nzima.

*Kinauma wakati wa kunyanyua.* Kwanza angalia mzigo wenyewe. Lita moja ya zege ina takriban kilo 2.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 48, na nusu ndoo ni kilo 24. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliweka mwaka 1991 kikomo cha kilo 23 kwa mtu mmoja kunyanyua katika mazingira mazuri kabisa: mzigo uko karibu, kwenye usawa wa nyonga, bila kujipinda. Mfuko wa simenti wa kilo 50 umepita mara mbili. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 kuhusu mizigo ya kubebwa linataja kilo 55 kwa mwanamume, na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, linaacha kikomo hicho mbali sana. Hakuna zoezi linalomfanya binadamu afae kubeba lumbesa kila siku. Hilo tunalisema kwa uzito wote, kwa sababu kijana anayeambiwa "jinyooshe utazoea" anaharibiwa mgongo akiwa bado hajafika miaka 30.

Pili, angalia umbali. Kilo 20 ukizishika sentimita 50 mbele ya kiuno zinakandamiza mgongo karibu sawa na kilo 40 zilizo sentimita 25. Tofali lisibebwe kwa mikono iliyonyooka mbele. Liguse tumbo.

Tatu, angalia urefu. Mifuko ya simenti iliyolazwa sakafuni inamlazimisha mtu kukunja mgongo wote. Panga tofali za inchi 6 mbili mbili, zilale ubapa, weka mbao juu yake, kisha ndiyo mifuko. Mfuko wa chini utakuwa karibu usawa wa goti, na simenti haitanyonya unyevu wa sakafu. Kazi hii ni ya nusu saa, na inalinda mgongo kuliko mazoezi ya mwezi mzima.

Nne, pima unavyoinama. Chukua ufito ulionyooka, uweke mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega, na mfupa ulio juu ya makalio. Ushike kwa mikono nyuma, legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango wa gari kwa matako, uiname. Ufito ukiachana na makalio, umekunja kiuno. Ukiachana na kisogo, umetupa kichwa chini. Rudia mara 10 kila asubuhi, seti 2, mpaka uweze kuinama hadi kifua kikaribie kulala bila ufito kuachana na sehemu hata moja. Wanaoshindwa wengi wana nyonga ngumu au hawajawahi tu kufundishwa, na baada ya wiki mbili hivi tofauti huonekana.

Tano, jenga nguvu, jioni mara tatu kwa wiki. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, shikilia sekunde 5, mara 10, seti 3. Lala ubavu, egemea kiwiko, nyanyua nyonga, shikilia sekunde 10, mara 5 kila upande. Beba ndoo ya maji lita 10 kwa mkono mmoja, tembea mita 30 bila kuinamia upande wowote, badilisha mkono, mara 3. Zoezi hili la ndoo linadharauliwa sana, wakati ndilo linalofanana zaidi na kazi yenyewe.

*Maumivu yanashuka kwenye kalio hadi chini ya goti.* Hii ni neva. Kosa la kila siku ni kuupandisha mguu kwenye ukuta na kuuvuta kwa imani kwamba "mshipa umekaza". Neva iliyokasirika ikivutwa hukasirika zaidi. Jaribu hivi: lala kifudifudi dakika 2, kisha egemea viwiko dakika 2, kisha sukuma kifua juu kwa mikono huku nyonga zikibaki chini, mara 10. Angalia maumivu yanakwenda wapi. Yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo, uko njia nzuri; rudia mara 5 hadi 6 kwa siku. Yakizidi kushuka kuelekea unyayoni, acha na uende kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Tembea dakika chache chache mara nyingi.

*Upande mmoja tu unauma, na unapiga chepe.* Mtu wa mkono wa kulia huchota na kurusha upande uleule siku nzima, na kifua kikiwa kigumu mzunguko wote unaangukia kiuno. Badilisha upande kila dakika 10; siku za kwanza utakuwa mzito, kisha utazoea. Usirushe kwa kugeuza mgongo: hamisha mguu, vidole vielekee unakorusha. Jioni lala ubavu, magoti yamekunjwa, fungua mkono wa juu kwenda nyuma kama unafungua dirisha, fuata kwa macho, mara 10 kila upande.

Bega

Fundi lipu na mpaka rangi wa dari husikia maumivu mkono unapofika usawa wa bega, kisha yanapungua ukivuka juu. Kano za misuli inayozungusha bega zimezidiwa. Kwanza pandisha jukwaa: kazi ya ukutani iwe kati ya kifua na macho, siyo juu ya kichwa. Ndoo ya lipu isiwe miguuni, iwekwe juu ya stuli. Kisha kata mpira wa ndani wa baiskeli, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko, bana kiwiko ubavuni na kitambaa kilichokunjwa katikati, uvute mkono kwenda nje polepole mara 12 hadi 15, seti 3, siku moja ndiyo siku moja hapana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakibaki hadi kesho yake, ulizidisha.

Usining'inie kwenye bomba ukidhani unalegeza bega la namna hii. Na kama mkono haugeuki nje hata mtu mwingine akikusaidia, kiwiko kikiwa ubavuni, huenda bega linaganda. Hali hiyo huwapata sana wenye kisukari, kwa hiyo kapime sukari.

Shingo ya mbeba kichwani

Shingo iliyonyooka inabeba vizuri, iliyopinda haibebi. Tatizo huanza karai linapokaa mbele ya utosi, au mtu anapopanda ngazi za mirunda akitazama chini. Kata ya kitambaa iwe nene kama kiganja na pana ya kutosha mzigo usicheze. Mzigo ushushwe na mtu wa pili. Kuutupa kwa kukunja shingo ndiko kunakoumiza. Kila baada ya safari kadhaa, vuta kidevu nyuma kana kwamba unatengeneza kidevu cha pili, shikilia sekunde 3, mara 8. Usizungushe kichwa duara zima kwa nguvu na usikubali mtu "akuvunje shingo" kwa kuigeuza ghafla. Mishipa mikubwa ya damu iendayo ubongoni inapita humo.

Goti na kifundo cha mguu

Goti la fundi tailizi mara nyingi linalipa deni la kifundo cha mguu. Vua buti, simama mbele ya ukuta, kidole gumba kiwe sentimita 10 kutoka ukutani, jaribu kugusa ukuta kwa goti bila kunyanyua kisigino. Ukishindwa, kifundo ni kigumu: kila ukichuchumaa, kisigino kinanyanyuka na uzito wote unakuja mbele ya goti. Nyoosha shavu la mguu dhidi ya ukuta, goti likiwa limenyooka sekunde 30, kisha likiwa limekunjwa kidogo sekunde 30, mara 3 kila mguu, jioni. Kazini, weka kipande cha ubao chini ya visigino unapochuchumaa mpaka kifundo kifunguke.

Kama goti limevimba mbele kama yai na ni laini, kifuko cha maji kilicho juu ya pia ya goti kimeumia kwa kupigwa na sakafu. Kujinyoosha hakuhusiki kabisa. Weka godoro la sponji la sentimita 3 au zaidi chini ya goti. Goti likiwa jekundu, la moto, na una homa, huenda ni usaha: hospitali.

Kisigino kinachochoma hatua za kwanza za asubuhi kina dawa rahisi: kabla ya kusimama vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa mkono mpaka unyayo ukaze, sekunde 10, mara 10. Tupa buti lililoisha soli.

Kiwiko na vidole

Kukunja nondo na kugonga nyundo huumiza upande wa nje wa kiwiko. Kuvuta kiganja chini kwa nguvu huikandamiza kano ya hapo kwenye mfupa, kwa hiyo acha. Badala yake weka mkono mezani, kiganja kikitazama chini, shika chupa ya maji ya lita 1.5 kwenye ukingo, inua kifundo cha mkono kidogo na ushikilie bila kutikisika sekunde 45, mara 4, ukipumzika dakika 1 au 2 kila mara. Mpini mwembamba uongezwe unene kwa kuzungushia mpira.

Ganzi ya usiku kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Usiku funga kifundo kikae kimenyooka, kwa kipande cha mbao laini na bandeji isiyobana. Msuli wa chini ya kidole gumba ukianza kukonda, usingoje.

Misuli inabana ghafla

Shavu la mguu likikamata, hapo kujinyoosha ni dawa ya papo hapo: nyoosha goti, vuta vidole kuelekea kwako, shikilia mpaka paachie. Lakini kukirudia saa hadi saa juani, chanzo ni uchovu na kupoteza maji na chumvi. Kunywa maji kidogo kidogo mara nyingi kabla kiu haijakushika. Kwa siku ya jasho jingi, pakiti ya ORS ikorogwe kwenye lita moja kamili, si kwenye kikombe.

Hapa tuonye kuhusu diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu vinavyomezwa asubuhi tumbo tupu ili "mwili uamke". Vinachubua tumbo, na kwa mtu aliyekaukiwa maji vinaumiza figo. Pia vinazima ile kengele inayokwambia upunguze mzigo.

Kurudi baada ya kuumia

Wiki ya kwanza beba nusu ya ulichokuwa unabeba, na safari chache. Asubuhi inayofuata ndiyo hakimu: maumivu yakiwa yaleyale au pungufu, ongeza kama sehemu moja ya kumi, yakizidi, rudi hatua moja. Mwambie msimamizi mapema, na ajali iandikwe siku hiyohiyo ikiwa na saa, kazi uliyokuwa unafanya na jina la aliyeshuhudia. Kwa Tanzania, madai ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huanzia kwenye taarifa ya namna hiyo, na mgongo usioandikwa popote ni mgumu sana kuuthibitisha miezi sita baadaye.